Nyota moja na kombe tunalolifunika

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita, nyuma kidogo ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, alinipa simu yake kabla hata kahawa haijamiminwa. "Mwanangu, nyie ndio mnayajua haya mambo. Nifutie." Kwenye kioo palikuwa na maoni ya wageni watatu, yote kwa Kiingereza, yote ya nyota moja au mbili. Wa kwanza alisema chandarua kina tundu na kitasa cha chumba hakifungi kwa ndani. Wa pili alilalamikia azani ya alfajiri. Wa tatu aliandika kwamba yeye na mwenzake walikabwa wakienda kwa miguu kwenye magofu ya Kaole, wakanyang'anywa simu na kamera.

"Na hili la Kaole wala halikutokea kwangu," alisema. "Niliwaambia wapande bodaboda, wakaniambia wanapenda kutembea. Sasa mimi nimekosa nini mpaka libandikwe kwenye jina la nyumba yangu?"

Kwa watu wengi wa biashara hii mjini hapa, ombi la mama halina mjadala. Maoni mabaya ni fitina. Mgeni amekula, amelala, ameaga kwa tabasamu, halafu akifika kwao anakuchafua. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya wenye gesti na waongoza watalii kiungo kikirushwa tu, watu ishirini wanabonyeza pa kuripoti bila kusoma kilichoandikwa. "Tumsaidie mwenzetu." Yakifutwa, makofi. Mimi mwenyewe niliwahi kubonyeza. Baadaye ndipo nilipooneshwa picha ya maoni yale: mgeni alikuwa amesema bafuni kuna waya wa hita ya maji ulioachwa wazi. Hayo ndiyo niliyomsaidia mwenzetu kuyafuta. Waya sijui kama uliguswa.

Hata hivyo hofu ya mama si ya bure, na anayeipuuza hajawahi kukaa mapokezi siku tatu bila mteja. Tupige hesabu. Nyumba yake ilikuwa na maoni manane ya nyota tano kabla ya hao watatu. Mgeni wa tisa akitoa nyota moja, wastani unashuka kutoka 5 hadi 4.56. Hoteli kubwa ya Unguja yenye maoni 400 ya nyota tano, ikipigwa nyota moja hiyohiyo na mtu huyohuyo mwenye hasira zilezile, inabaki na 4.99. Mmoja kakwaruzwa, mwingine kavunjwa mguu. Mchumi Michael Luca wa Harvard alipoichunguza migahawa ya Seattle, Marekani, kwenye Yelp, mtandao ambako wateja huandika maoni na kutoa nyota, alikuta kila nyota moja inayoongezeka inapandisha mapato kwa asilimia 5 hadi 9, na kwamba wanaoguswa ni wenye migahawa yao binafsi. Ile ya kampuni kubwa zenye matawi haikutikisika. Jina lao linajulikana, nyota haziwaongezei wala kuwapunguzia kitu.

Najua Seattle si Bagamoyo, na sahani ya chakula si kitanda. Lakini tuichukue hesabu ile kama ilivyo, tuone inatupeleka wapi. Kushuka kutoka 5 hadi 4.56 kungempotezea mama kama asilimia 2 hadi 4 ya mapato. Inauma, ila hailazi mtu njaa. Balaa liko kwa mgeni wa kumi. Naye akitoa nyota moja, wastani unakuwa 4.2, na msafiri aliyeko Hamburg anayechuja aone nyumba za kuanzia 4.5 tu, hamwoni tena mama. Kwake nyumba ile haipo duniani. Sasa geuza hesabu upande wa pili. Kama mama angekuwa na maoni arobaini mazuri badala ya manane, nyota moja ingemshusha hadi 4.90 tu. Ugonjwa wake, kwa maneno mengine, si ile nyota moja. Ni uchache wa zile nyingine.

Na kwa nini ni chache? Vyumba vya mama havijazwi na Wazungu. Vinajazwa na watu wa harusi, wa semina kutoka Dar, na wazazi wanaowaleta vijana wao chuo cha sanaa cha TaSUBa. Hao hawaandiki. Mswahili akiudhika haandiki. Haji tena, basi, na akimaliza anamsimulia shangazi. Akifurahi vilevile haandiki, anaacha namba yake na kuagiza samaki wa mara nyingine. Kwa hiyo daftari la hadharani la nyumba ile limeachwa mikononi mwa wageni wachache kutoka mbali, ambao wengine wao hawakuwahi kulala jirani na msikiti. Kisha tunashangaa daftari limepinda.

Upande wa wanaofuta nao una hoja. Tripadvisor, mtandao ambako wasafiri huandika maoni yao ya hoteli, wenyewe walieleza kwamba mwaka 2022 walipokea maoni zaidi ya milioni 30, na kati yake milioni 1.3 yalikuwa ya uongo. Uchafu wa kiasi hicho usipofagiwa, wa kwanza kuzikwa ni wadogo. Kuna wageni wanaokuja mapokezi na kusema nipunguzie bei au nitaandika. Na kuna umati. Mwaka 2014 hoteli moja ya Hudson, jimbo la New York, ilijulikana kuwa na kanuni ya kuwakata maharusi dola 500 kwa kila maoni mabaya yatakayoandikwa na wageni wao. Habari ilipovuja, watu walifurika Yelp kuipiga nyota moja, wengi wao hawajawahi kuikanyaga hoteli hiyo. Mwenye hoteli alitaka kuziba midomo, na waliomwadhibu walitoa nyota kwa nyumba ambayo hawakulala. Msimamizi wa mtandao anayefuta maoni ya watu hao hajamkandamiza yeyote. Miaka miwili baadaye Marekani ilitunga sheria inayobatilisha mikataba ya namna ile.

Mpaka hapo, futa. Kisa kinachonizuia nisiishie hapo kimetokea Mexico.

Mwaka 2010 mwanamke mmoja Mmarekani aliandika kwenye jukwaa la Tripadvisor kwamba alibakwa na mlinzi katika hoteli ya kifahari karibu na Playa del Carmen. Alikuwa anawaonya wenzake. Maoni yake yakaondolewa. Yalikaa gizani miaka saba, mpaka gazeti la Milwaukee Journal Sentinel lilipofukua habari hiyo Novemba 2017, pamoja na visa vya wasafiri wengine ambao maonyo yao ya ubakaji na majeraha kwenye hoteli za Mexico yalikuwa yamefutwa vilevile. Kampuni ikaomba radhi, ikayarudisha, ikaanza kuweka alama ya tahadhari kwenye kurasa za hoteli zenye taarifa za aina hiyo.

Ukimsimulia mtu kisa hiki, kitu cha kwanza anachouliza ni: walihongwa shilingi ngapi? Sababu iliyotolewa ndiyo iliyonikosesha raha. Kanuni ya wakati ule ilitaka lugha inayofaa kusomwa na familia nzima. Neno "kubakwa" halikufaa. Maonyo mengine yalihesabiwa kuwa ya kuambiwa, kwa kuwa aliyeandika si aliyetendewa, au yametoka nje ya mada. Kanuni hizi kila moja peke yake ina akili. Nani anataka matusi mbele ya watoto? Nani anataka umbea? Zikikutana na mtu mwenye jambo zito, zinamfungia nje, maana jambo zito mara nyingi halisemeki kwa upole, na aliyeumizwa vibaya mara nyingi husemewa na ndugu yake. Aliyezimwa mdomo alizimwa kwa jina la adabu.

Sisi watu wa pwani tungepaswa kukielewa kisa hiki kabla ya mtu yeyote, kwa sababu hiyo adabu ndiyo tuliyolelewa nayo. Funika kombe mwanaharamu apite. Mgeni akikuta nywele kwenye wali anaisogeza pembeni ya sahani na kusifu nazi. Inapendeza sana sebuleni. Ila mgeni aliyelipa chumba hayuko sebuleni kwa mtu, ni mteja, na anayemsomea maoni ni msichana atakayefika usiku peke yake kwenye chumba ambacho kitasa hakifungi kwa ndani. Huyo msichana hatusikii tunavyomsema kwenye magrupu yetu. Kila tunapozungumzia riziki ya mwenye nyumba, riziki ina jina na uso, tunamjua na watoto wake. Msichana hana sura kwetu, na ndiyo maana siku zote anashindwa kura.

Kuna wanaoona dawa ni sheria. Thailand walijaribu: mwaka 2020 Mmarekani aliyekuwa akiishi huko aliwekwa mahabusu kwa sababu ya maoni yake juu ya hoteli ya kisiwani Koh Chang, na kesi ikamalizwa kwa yeye kuomba radhi. Tripadvisor ikabandika kwenye ukurasa wa hoteli hiyo onyo kwamba hapa mgeni alifungwa kwa kuandika. Sidhani kuna nyota moja iliyowahi kuigharimu hoteli kiasi hicho. Kwetu, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamlenga anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo, kwa nia ya kukashifu au kupotosha. Anayesema kweli kuhusu kitasa kibovu si huyo. Lakini nani anasoma kifungu? Watu wanasikia "sheria ya mtandao" na kufunga midomo, hata wateja wetu wa Dar ambao neno lao zuri lingemwokoa mama.

Turudi Kaole, maana hapo ndipo sina jibu safi. Kwamba ile njia si ya kutembea peke yako umebeba kamera shingoni, si habari mpya. Vitabu vya wasafiri vimeonya miaka na miaka, na mama mwenyewe aliwaonya. Maoni ya yule mgeni ni ya kweli na yamewekwa pasipo mahali pake. Kwa kanuni ya "nje ya mada" tukiyaripoti yatafutwa, na mama atakuwa na haki. Mwenye gesti ya pili naye atafutiwa ya kwake, na wa tatu, kila mmoja na haki yake, mpaka onyo lisiwe limebaki popote. Mahali pake hasa ni kwenye ukurasa wa magofu, ambao upo. Lakini mgeni ameshafika kwao, hatarudi kuhamisha maandishi. Na kuna upande mwingine: onyo la miaka minane iliyopita likiendelea kusomwa kana kwamba ni la jana, hata njia ikilindwa vipi, nalo ni uongo wa aina yake. Nilichomwambia mama ni kwamba liachwe na tarehe yake, na chini yake ajibu. Alikunja uso. "Kwa hiyo njia ya serikali, mzigo wangu." Ndiyo, mama. Ni uonevu, na bado nisingelifuta.

Tulikwenda kukiangalia kile chandarua. Tundu lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa bluu kwenye wavu mweupe, mshono mzuri wa mkono, wa mtu aliyefundishwa. Kitasa kilikuwa kipya, bado kina karatasi ya dukani upande mmoja. Nilimuuliza alikibadilisha lini. "Siku ileile niliposomewa," alisema, kwa sauti ya mtu asiyeona kilicho cha ajabu hapo. Na wakati huohuo alikuwa anataka maneno yaliyokileta kile kitasa yafutwe.

Basi tukakaa kibarazani, akawa anatamka, mimi naandika kwa Kiingereza. Kwa wa kwanza: pole mgeni wetu, kitasa tumebadilisha, chandarua kimeshonwa, karibu tena. Kwa wa Kaole: pole sana kwa yaliyowapata, tunawaomba wageni wote wachukue bodaboda, sisi tutakuitia mtu tunayemjua. Nikamuuliza la azani tujibu vipi, au hilo walau niripoti?

"Hilo liache lilivyo," alisema, akimimina kahawa hatimaye. "Mwandikie tu ni saa kumi na moja alfajiri, na chumba namba sita kiko upande wa pili wa ua. Wengine watakuja kwa ajili hiyohiyo."