Msitu wa Mholanzi: ulionwa au ulitungwa?

Wapenzi wa michoro ya misitu ya Uholanzi ya karne ya 17 wana ugomvi wa zamani. Karel van Mander, katika kitabu chake cha 1604 kuhusu wachoraji, alitenganisha kuchora "naer het leven", kitu kikiwa mbele ya macho, na kuchora kwa kukitoa kichwani. Je, Jan Lievens, Anthonie Waterloo na Jacob van Ruisdael, wachoraji watatu wa misitu hiyo, walikuwa wanafanya lipi?

Wanaosema walichora walichokiona wana hoja nzito. Mwaloni wa Ruisdael unautambua bila kuambiwa, kwa jinsi matawi yanavyojipinda na gome linavyopasuka. Wataalamu wa mimea wameikagua miti yake na kuitaja aina kwa aina. Mtu hapati ujuzi wa namna hiyo kwa kukaa ndani tu.

Lakini msitu wenyewe ulikuwa wapi? Magharibi mwa Uholanzi kulikuwa na malisho, mifereji na vilima vya mchanga. Mbao za meli na nyumba ziliagizwa Norway na nchi za Baltiki, nyingine zikiteremshwa kwa mto Rhine. Haagse Bos, msitu wa The Hague, uliponea chupuchupu mwaka 1576 ulipotakiwa kuuzwa kugharamia vita dhidi ya Hispania. Na Ruisdael huyohuyo, katika picha zake za rangi, aliipandisha ngome ya Bentheim, iliyo Ujerumani karibu na mpaka wa Uholanzi, juu ya mlima, ilhali ipo kwenye kilima tu. Aliyeinua ardhi atashindwa kuongeza miti?

Mimi nasita zaidi kwa Waterloo. Michoro yake ya chaki nyeusi ni mizuri, ila ukitazama mitano mfululizo unaanza kuizoea: kijia, miti miwili mikubwa, giza pembeni, mwanga katikati. Msitu wa kweli haupangiki hivyo kila siku.

Lievens ananivuruga. Alitumia kalamu ya tete, jamaa ya ile ya khati za Kiarabu, na mara nyingine karatasi ya Kijapani iliyofika kwa meli za biashara za Waholanzi. Karatasi hiyo hutengenezwa kwa nyuzi za magome, kwa hiyo miti yake imechorwa juu ya miti. Mstari wake wa wino wa kahawia ni mnene, wa haraka, unakatika pale jani linapomezwa na jua. Majani hakuyahesabu, na bado unaona upepo umepita. Hapo naegemea upande wa macho: mtu huyu alikaa chini ya miti, hata kama baadaye mezani alisogeza shina hapa na pale.

Tena kwenye mchoro wake mmoja amemweka mchoraji katikati ya msitu, kazini. Ni shahidi aliyeletwa na mshtakiwa mwenyewe. Kuhusu magome namwamini. Kuhusu njia ilipopita, bado.