Mjomba Hakupigwa Roketi, Alipigwa Maji

Jamaa yetu anayeitwa Sijali ameshasambaza sauti aliyorekodi kwenye makundi yote ya mtandaoni kuanzia Mikindani mpaka Masasi, eti nimemlipua mjomba wa bibi harusi kwa kombora. Sasa nisikilizeni mimi niliyeshika kamba. Kwanza, si kombora, ni chupa ya soda ya lita 1.5. Pili, chupa haikumgusa mtu. Mjomba alipigwa na maji, tena nusu lita tu, na yalikuwa maji safi kabisa ukiacha ile rangi.

Rangi nitaifikia. Msiniharakishe.

Kamati ya harusi ilitaka fataki. Fataki bila kibali ni kuwaalika polisi kwenye pilau, na za kujitengenezea nyumbani mimi sizigusi, vidole vyangu navihitaji kubangulia korosho. Nikawaambia tutarusha roketi za maji. Hazina moto wala baruti: maji, upepo wa pampu ya baiskeli na chupa. Zinaruka juu kuliko minazi, watoto wanapiga kelele, gharama ni soda ambazo wageni wameshakunywa.

Na naomba ieleweke kwamba roketi yenyewe ilikuwa sawa. Chupa ilikuwa ya soda, si ya maji ya kunywa. Ya soda imetengenezwa kubeba gesi, ya maji ina ukuta mwembamba na itakupasukia mkononi. Nilikuwa nimeshaipima: unaijaza maji mpaka juu kabisa, ndipo unapampu. Ikishindwa inapasuka na kumwaga maji basi, kwa sababu hewa iliyobanwa ndani ni kidogo sana. Ile yenye mkwaruzo au mstari mweupe nilishaitupa. Mapezi matatu ya plastiki ngumu nyuma, udongo wa mfinyanzi puani. Nikaifunga uzi pale inapolala sawa, nikaizungusha kichwani, ikaenda pua mbele. Ikienda mkia mbele au ikapepesuka, ongeza uzito puani au panua mapezi. Hicho kipimo hakidanganyi.

Maji ya kurushia ni theluthi ya chupa. Hapa ndipo wengi wanapokwama, wanajaza nusu na zaidi wakidhani ndiyo nguvu, halafu roketi inanyanyuka kivivu na kuwamwagia miguuni. Maji mengi, hewa haina nafasi. Maji machache mno, yanaisha kabla roketi haijashika mwendo.

Kwa hiyo tatizo halikuwa roketi. Tatizo lilikuwa kirushio, mchanga na mjomba.

Kirushio changu ni cha kebotai, zile kamba za plastiki za kufungia nyaya. Bomba la plastiki linaloingia kwenye shingo ya chupa bila kuchezacheza, oringi moja, yaani pete ya mpira, inazuia maji, na kebotai zimepangwa kuzunguka bomba vichwa vikiwa juu, vimeukumbatia ule ukingo wa shingo ya chupa. Nje yake inapanda kola, kipande cha bomba pana zaidi, kinavibana vile vichwa visifunguke. Ukivuta kamba kola inashuka, vichwa vinaachia, chupa inaondoka. Kitu kizuri sana kwenye ardhi ngumu. Kiwanja cha harusi kilikuwa mchanga mtupu, na vigingi vyangu vilikuwa urefu wa kiganja. (Fundi bomba mmoja humu ndani atacheka. Cheka tu kaka.)

Sasa mjomba. Nyie wa bara kumbukeni kwamba huku kwetu mjomba wa binti ndiye mwenye neno. Baba anaweza kukaa pembeni anatafuna korosho, lakini mjomba akisema harusi hakuna, hakuna. Nilishachora mstari kwa mguu, nikawaambia watu wakae nyuma yake. Mjomba akaamka, akabeba kiti chake mwenyewe, akauvuka mstari akaja kukaa karibu. Kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, naomba usogee nyuma kidogo." Akasema, "Marahaba. Endelea na kazi yako." Ungefanya nini wewe?

Na maji yalikuwa mekundu. Rangi ya keki, kijiko kizima, kwa sababu sare ya harusi ilikuwa maruni na bibi harusi alitaka mkia wa roketi ufanane na vitenge. Wazo halikuwa langu, andikeni hilo.

Nikapampu mpaka presha ya PSI 60. Nikarudi nyuma na kamba. Mimi upande huu, mjomba upande ule, kirushio katikati. Nyuma yangu, kikundi cha ngoma ya sindimba kinasubiri ishara ya MC kuanza. MC akahesabu, tatu, mbili, moja.

Nikavuta.

Kola haikushuka. Mchanga ulikuwa umeingia kati ya kola na bomba, na mchanga wa pale ukiingia kwenye kitu chembamba unakwaruza mpaka kinakwama. Kirushio chenye akili, kamba yake inapita kwanza kwenye pete chini kabisa ya bomba, ili ukivuta, kola ivutwe kwenda chini. Ya kwangu pete ilikatika wakati tunashusha vyombo kwenye bajaji, nikaifunga kamba moja kwa moja kwenye kola. Maana yake nilikuwa navuta kwa ubavu.

Nikavuta tena, kwa nguvu ya mtu anayetazamwa na ukoo mzima.

Kigingi cha kwanza kikachomoka. Nilikiona kikitoka, taratibu, kama jino bovu. Kikafuata cha pili. Bomba likaanza kuinama kuja kwangu, na ile pua ya roketi, ambayo watoto walikuwa wameichora macho mawili na tabasamu kwa kalamu ya maka, ikawa inanitazama. Tukatazamana. Roketi ikiinama kuja kwangu mkia wake unamwangalia mjomba. Hilo nililielewa vizuri kabisa, na nilikuwa na muda wa kulielewa, ila muda wa kuachia kamba sikuwa nao.

Kola ikashuka.

Fyuuuu! Chupa ikapita juu ya sikio langu la kushoto, nikasikia upepo wake. Nusu lita nyekundu ikaenda upande wa pili, chini chini, sawasawa na usawa wa kiti. Maji hayo yote yanatoka chini ya nusu sekunde, kwa hiyo hakuna kukwepa. Yalianzia kwenye goti, yakapanda kifuani, yakamalizikia kwenye kofia. Na kule nyuma yangu chupa ikatua katikati ya ngozi ya ngoma kubwa: DUM!

Wapiga ngoma wakadhani ndiyo ishara. Wakaanza.

Kwa hiyo fikirieni: sindimba imekolea, kina mama wanapiga vigelegele, na mjomba amekaa palepale, mikono magotini, anachuruzika maruni. Hakufuta hata uso. Akasubiri mpaka nimefika mbele yake, nimepiga goti kwenye mchanga, kamba bado mkononi. Akaniuliza kwa upole, "Hii ndiyo imeisha, au kuna nyingine?"

Zilikuwepo mbili. Nikasema imeisha.

Wakamvisha kitenge, pilau ikaliwa, ndoa ipo, ngoma haikutoboka. Kanzu imelowekwa kwa dawa ya madoa ikatoka pinki. Nimetozwa kanzu mpya na jogoo. Kirushio nimeshakihamishia kwenye ubao mpana wenye ndoo ya mchanga juu yake, pete imerudi chini ya bomba, na kola naisafisha kwa maji na sabuni kabla ya kila mruko.

Jogoo ninaye. Anayemjua fundi wa kanzu pale Mtwara mjini anayemaliza kazi kabla ya Ijumaa aniandikie inboksi. Mjomba ni mrefu, na kifua ni kipana, nimekiona vizuri. Sijali, wewe usinijibu.