Ugonjwa wa miaka ishirini, mkataba wa miaka miwili

Katika ugonjwa wa Alzheimer, aina ya demensia (hali ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) iliyo ya kawaida zaidi, protini ya amiloidi huanza kujikusanya kwenye ubongo miaka 15 hadi 20 kabla mtu hajaanza kusahausahau. Kijana anayetoka kwenye shahada ya uzamivu na kuingia katika utafiti wa demensia hupewa mkataba wa miaka miwili, akibahatika mitatu. Hesabu hizi hazikutani, na tumezizoea mno.

Tazama miaka hiyo miwili inavyokwenda. Miezi ya mwanzo huishia kwenye kibali cha kamati ya maadili (hapo siwalaumu, maana anayeombwa ridhaa leo huenda mwakani asikumbuke alikubali nini). Kisha atafute washiriki, azoeane na familia zao, awapime mara ya kwanza. Zamu ya kuwapima tena inapofika, yeye yuko mbioni kuomba kazi kwingine. Familia ikipiga simu, inapokewa na mgeni.

Data hubaki. Kinachoondoka naye ni kujua kwamba mama yule hujibu vizuri asubuhi, jioni hachangamki. Kwamba mzee fulani hanyanyui mdomo mkewe akiwapo chumbani. Jedwali halina safu ya mambo hayo, na bila hayo kipimo cha kumbukumbu kinaweza kupima uchovu au aibu.

Halafu kuna shinikizo la kupata matokeo ya kupendeza kabla mkataba haujaisha. Mwaka 2006 jarida la Nature lilichapisha makala kuhusu aina moja ya amiloidi, ikanukuliwa zaidi ya mara 2,000. Mwaka 2022 picha za majaribio yake zikatiliwa shaka hadharani kwamba zimechezewa, na 2024 makala ikaondolewa. Aliyeziona kasoro hizo, Matthew Schrag wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alikuwa bado profesa msaidizi. Huwa nawafikiria zaidi wale tusiowajua: wanafunzi ambao huenda walirudia jaribio lile likawagomea, wakadhani mikono yao ndiyo mibovu, wakanyamaza. Nani angewaongezea mkataba kwa kuandika kwamba hawakuona kitu?

Kwa hiyo naposikia "kuwajengea uwezo watafiti chipukizi", nikakuta maana yake ni warsha ya siku tatu ya kuandika maombi ya ufadhili, nachoka. Warsha hizo tunazo tele. Wanachokosa ni msimamizi atakayekaa nao chumba kimoja na mgonjwa anayeuliza swali lile lile mara ya nane, wajifunze kulijibu kana kwamba ni la kwanza. Hilo nalo ni mafunzo ya utafiti.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 60 ya wenye demensia wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mtafiti chipukizi wa huko mara nyingi huishia kukusanya data za swali lililotungwa na mtu mwingine, na jina lake likatokea katikati ya orodha ndefu ya waandishi.

Wafadhili watasema pesa ni chache. Lakini kila baada ya miaka miwili wanalipia mtu mpya ajifunze upya kile ambacho aliyeondoka alikijua. Mimi ningeanza na sharti moja tu kwenye fomu ya ufadhili: mkataba wa aliyempima mshiriki mara ya kwanza usiishe kabla hajampima mara ya pili.