Hakuna Mwanamke Aliyezaa Kwangu

Kwanza tuelewane: hakuna mwanamke aliyezaa kwangu. Si usiku ule, si usiku mwingine wowote. Nyinyi mnaonitumia "hongera baba watoto" na vile vikatuni vya chupa ya maziwa, nawaona, na Mola anawaona. Yule rafiki yangu wa Kisauni keshaisimulia hadi kwa wazee wa bao pale Makadara, na kila akiisimulia idadi ya watoto inapanda. Sasa msikilizeni mwenye kisa.

Diskasi wangu mnawajua. Wale samaki bapa, mviringo, macho mekundu, wanaokula vizuri kuliko mimi. Kwao ni Amazon, kwenye maji laini yenye uchachu kidogo, na ukitaka wazae uwape joto la digrii 28 hadi 30. Joto, alhamdulillahi, Mombasa tunalo la kugawa. Shida ni maji. Kisiwa chote kimekalia mawe ya matumbawe. Ukichota kisimani unapata chumvi na chokaa, na mayai ya diskasi kwenye maji magumu hivyo mengi hayashiki, yanageuka meupe na kuota ukungu. Ya mfereji huja yakijisikia. Basi mimi hununua ya kuchujwa, mitungi ya lita 20 ikipandishwa ngazi na hamali anayenitazama kwa huruma, nikayachanganya, nikatia na majani makavu ya mkungu hadi yakawa rangi ya chai ya strungi. Mama huniuliza kwa nini samaki wanakunywa maji safi kuliko yeye. Mama, tuyaache.

Humo ndani nimewapandia mimea ya majani mapana, na katikati nimepindua chetezo cha udongo kipya cha Marikiti, maana diskasi hupenda kutaga kwenye kitu kilichosimama wima. Wenzetu wa ng'ambo wana vigoda maalumu vya kazi hiyo. Mimi nina chetezo.

Haya. Baada ya isha, stima zikapotea. Feni kimya, televisheni za jengo zima kimya, madirisha wazi kwa joto. Mnajua ngazi za Tudor zinavyobeba sauti. Mtu akipiga chafya juu, wa chini anamjibu yarhamukallah. Na ndipo bibi harusi wangu, yule diskasi jike, alipoamua kuwa leo ndiyo leo.

Nikawasha pampu ndogo ya betri, kwa sababu maji ya moto hayashiki hewa nyingi na samaki wangenifia. Kile kigundi cha kubandikia mpira wa hewa kwenye kioo kikabanduka, mpira ukaanza kupuliza moja kwa moja kwenye chetezo. Mume hupita nyuma ya mke akimwaga mbegu juu ya mayai. Mapovu yakipiga pale, mbegu zote zinapeperuka. Ikabidi niushike mpira kwa mkono. Kwapa majini, kikoi kimelowa, tochi mdomoni, simu juu ya kabati imewekwa spika, na yule shetani wa Kisauni upande wa pili anapiga kelele kama yuko uwanjani. Mazungumzo nayaandika kama yalivyokuwa, muhukumu wenyewe.

"Ameanza?"

"Ameanza! Anatetemeka mwili mzima!"

"Mume yuko wapi?"

"Yuko nyuma, kaganda tu, hafanyi kitu!"

"Mara ya kwanza ilikuwaje?"

"Mara ya kwanza watoto wote waliliwa! Mume alianza, mke akamalizia!"

"Basi leo usimwachie! Ukimwona mume anawasogelea watoto, mtie kwenye ndoo!"

Chini yangu, kumbe, nyumba nzima imesimama. Bi mkubwa wa ghorofa ya chini, ambaye hajapata kuniona na mwanamke hata wa kuniuzia mahamri, ameshuka ngazi na viatu mkononi kwenda kumwita bibi mkunga wa uchochoro wa pili.

"Wametoka wangapi?" shetani akauliza.

"Kama sabini!"

Baadaye niliambiwa kuwa kule chini ilisikika "saba". Mtu akasema, "Saba? Subhanallah, na anawaficha!"

Mlango ukagongwa.

"Nani?"

"Fungua!"

Na hapa, jamaa zangu, ndipo ningelipa pesa kurudisha ulimi. Nilitema tochi, nikajibu kwa sauti ya kutosha jengo zima:

"Siwezi! Mkono wangu umo ndani!"

Kimya. Kimya cha mtu kuvuta pumzi bila kuitoa. Halafu kitasa kikazunguka, maana mlango wenyewe sikuwa nimeufunga. Akatangulia beseni. Nyuma ya beseni bi mkubwa, nyuma yake wanawake wa ghorofa zote, leso begani, chupa ya maji moto, na bibi mkunga mwenyewe, amekunja mikono ya kanzu hadi viwikoni, tayari.

"Mgonjwa yuko wapi?"

Ulimi ukaniponza tena. "Yumo ndani ya maji," nikasema.

Mmoja alipiga yowe ambalo nadhani Nyali walilipokea. Bibi mkunga hakutikisika. Akaiokota tochi yangu sakafuni, akamulika ndoo ya kwanza. Maji. Akamulika ya pili. Maji. Akaufuata mkono wangu, kutoka begani, kwenye kiwiko, pole pole, mpaka kwenye kioo na yale maji ya strungi. Akainama hadi pua ikagusa kioo. Upande wa pili jicho jekundu likamtazama. Wakatazamana muda ambao mimi nilizeeka.

"Huyu si tafi?" akauliza.

"Ni diskasi, bibi."

"Na chetezo chatiwa majini?"

Sikuwahi kujibu. Stima zikarudi, taa zote paa, mume akashtuka, na mbele ya mashahidi wote akageukia chetezo akaanza kuyafyonza mayai, moja moja, mstari kwa mstari.

"Kumbe kweli ala watoto!" bi mkubwa akasema, akakaa chini.

Yaliyofuata ni ya haraka. Nimekunywa maji ya beseni la uzazi kwa kiu. Nimelipa ada ya mkunga, kilo mbili za sukari, kwa sababu ametoka kitandani na hilo halina mjadala. Bibi akalifunika tangi kwa leso yake akisema mzazi hutaka stara, na kwa kweli hilo hata wafugaji wenye uzoefu hulifanya, ila hawakupigii kelele hivyo.

Akiwa mlangoni akaniuliza, "Na wakianguliwa, wanyonya?"

Nikamweleza: mayai huanguliwa baada ya siku mbili tatu, na watoto wakianza kuogelea hula ute unaotoka kwenye ngozi ya wazazi. Kwa mama, halafu kwa baba, wakipokezana.

"Kwa baba?"

"Kwa baba, bibi."

Wale wanawake wakageukiana. Mmoja akasema, "Ehee!" Wakashuka ngazi pamoja, na tangu usiku ule kuna waume wawili jengoni kwetu hawaitikii salamu yangu.