Nilimchukia Muuaji, Nikamwombea Asikamatwe

Kuna riwaya ya mauaji niliyoiacha ukurasa wa 40 kwa sababu mhusika mkuu alinichefua. Alikuwa mwongo, mwenye dharau, anayewapima wenzake kwa faida atakayoipata kwao, na hata maiti ya kwanza ilikuwa bado haijaonekana. Wakati ule niliamini kwamba mhusika asiyependeka ni kosa la mwandishi. Siamini hivyo tena, na huwa naumia nikisikia msomaji anakitupa kitabu kizuri kwa sababu hiyo peke yake.

Nadhani tumedekezwa na wapelelezi. Ukisoma Mzimu wa Watu wa Kale, unakaa ubavuni mwa Bwana Msa na kiko chake, unafikiri naye, na uovu ukifichuliwa wewe tayari uko upande wa aliyeufichua. Ni raha ya kweli, nami naipenda. Lakini riwaya ya giza haikupi nafasi hiyo. Inakuweka ndani ya kichwa cha mtu ambaye usingemkaribisha nyumbani kwako, kisha inakuacha humo.

Kilichonibadilisha ni Uhalifu na Adhabu ya Fyodor Dostoevsky, iliyotoka mwaka 1866. Raskolnikov ana majivuno, ana hasira, na amejijengea hoja kwamba watu wa aina fulani wana ruhusa ya kumwaga damu. Anamuua kwa shoka bikizee anayekopesha watu kwa rehani. Halafu, akiwa bado ndani, wateja wawili wanafika na kuutikisa mlango. Mmoja anagundua kwamba umefungwa kwa komeo la ndani, maana yake kuna mtu humo. Raskolnikov amesimama upande wa pili, shoka mkononi. Niliposoma hapo nilikuwa nimebana pumzi, namwombea wale watu waondoke. Ilinichukua muda kutambua nilichokuwa nakiomba: kwamba muuaji aponyoke, ilhali maiti mbili zimelala sakafuni. Hakuna mhusika mwema ambaye angenionyesha hilo kuhusu nafsi yangu.

Patricia Highsmith alikwenda mbali zaidi mwaka 1955 alipomwandika Tom Ripley. Tom anamuua rafiki yake Dickie Greenleaf ndani ya mashua, anavaa nguo zake, anajifanya yeye. Na mwishowe (kama hujasoma, ruka sentensi hii) hakamatwi. Toba yoyote haipo. Wapo wanaoona huo ni uovu wa mwandishi. Mimi naona ni ukweli mchungu kuliko zile hukumu za kurasa za mwisho ambazo zinatutuma kulala tukiwa tumeridhika.

Lakini si kila giza nalitetea. Zipo riwaya ambazo ukatili umewekwa kama pambo, na aliyeuawa ni mwili tu wa kuanzishia hadithi: hana sauti, hana alichokuwa akikipenda. Hizo naziacha bila majuto. Muuaji anaweza kuwa mbaya kadiri mwandishi atakavyo, ila sharti aliyekufa awe mtu. Ile maiti ya pili ya Raskolnikov ni Lizaveta, mdogo wake yule bikizee, mpole, aliyerudi nyumbani saa isiyo yake. Shoka linapoinuliwa hajikingi hata uso; ananyoosha tu mkono wa kushoto, taratibu, kama anayemsihi asimsogelee. Muda mrefu umepita tangu nisome, na mkono ule bado nauona.

Ndiyo maana siku hizi, kifo kikishatokea, huwa narudi nyuma kutafuta kurasa ambazo marehemu alikuwa bado hai. Nilipomsoma Ripley mara ya pili, nilirudi kwa Dickie akiwa nyumbani kwake Italia, anachora picha ambazo hana kipaji nazo na zinampa furaha, nikakaa naye hapo kidogo kabla ya kuendelea.