Sita Ikiwa Mbichi

Mtu kapita njiani sasa hivi, hata salamu hajamaliza, kanyoosha kidole kwenye ukuta wa nyumba yangu: "Mzee, hapo mmeziba na nini?"

Nimeziba na mbao, ndugu yangu. Ukuta wa mbao unazibwa na mbao. Ulitaka nizibe na magazeti?

Ila alichokiona yeye nami nakiona, ndiyo maana nimepandwa na hasira. Ukuta mzima mbao zimepandana vizuri, kivuli chini ya kila ubao kimenyooka kama mstari wa daftari, mpaka ufike kwenye kiraka changu. Hapo kivuli kinakatika, kinateremka kidogo, kinaendelea na safari zake. Rangi nayo nimepaka ile ile ya zamani, lakini ya zamani jua limeshaila, kwa hiyo kiraka kinang'aa peke yake utadhani kimealikwa harusini.

Zilizooza ni mbao chache tu za chini, pale matone ya mvua yanapogonga ardhi na kurukia ukutani. Nikasema kazi ndogo hii. Fundi wa kwanza aliahidi Jumatatu, hakutaja ya mwaka gani. Wa pili alifika na mtaimbo, akataka kung'oa na nzima zote. Nikamwambia, kwa upole kabisa, kwamba unapenyeza bledi ya msumeno wa chuma kati ya mbao mbili, unakata msumari, ubao unatoka bila kupasua jirani yake. Akanitazama kwa huruma, akaomba nauli. Wa tatu ndiye aliyepigilia. Nilimsihi ncha za mbao zipakwe kwanza rangi ya msingi, ile praima, kabla hazijapanda, maana ndizo zinazokunywa maji. "Mzee, ncha hazionekani." Maji yanaziona, mwanangu!

Lakini hao wote ni malaika ukilinganisha na muuza mbao.

Nilikwenda na kipande cha ubao wa zamani, nimekifunga vizuri, heshima zake. Kijana hata kukigusa hakukigusa. "Hiyo ni moja kwa sita, mzee wangu, unene inchi moja, upana sita. Ipo."

"Pima basi."

"Nipime nini? Hii kazi nimezaliwa nayo."

Akavuta ubao. Nikatoa futi kamba yangu. Upana, inchi 5½.

"Mwanangu, hii ni tano na nusu."

"Ndiyo. Sita."

"Tano na nusu ndiyo sita?"

"Ilikuwa sita ikiwa mbichi, mzee. Imekauka, imepigwa randa. Sasa ni sita iliyopigwa randa."

Nikapima unene. Robo tatu. "Na hii ilikuwa inchi moja ikiwa mbichi?"

"Eeh, sasa umeanza kuelewa!"

"Na hela unataka za sita au za tano na nusu?"

"Za sita, mzee."

Nikamwambia hata hela zangu zilikuwa sita zikiwa mbichi. Hakucheka. Akamwita mwenzake alete futi kamba ya ofisini, maana yangu "imechoka". Ikaja, ncha imekatika, inaanzia inchi ya kwanza. Wakapima ubao ule ule: sita na nusu.

"Umeona? Tena nimekuongezea."

Nikafungua kipande changu nikawaonyesha ncha yake. Pete za ukuaji zimebanana, mti ule ulikua taratibu, haukuwa na haraka na mtu. Ule wao pete zimeachana, mti umekua mbio, jua likiupiga unajikunja. Halafu wangu si bapa: juu mwembamba, chini mnene, una mfereji. "Shepu hiyo haipo tena, mzee. Nenda karakana wakuchongee kisu cha mashine cha kuitoa." Nikaenda. Kisu bei yake ni ile ile, uchukue mbao za lori zima au vipande vyako vinne. Nikashukuru, nikarudi kwa wale wa sita na nusu.

Dawa nimekuja kuambiwa na seremala mmoja mstaafu, kazi imeshaharibika: toa mbao nzima za ukuta wa nyuma, zilete mbele, zile ngeni zipeleke nyuma zikaone aibu huko. Shepu ni moja, umri mmoja, hata rangi zimezeeka pamoja.

Sasa nyuma huko kuna jirani. Nimegusa ubao mmoja tu, kashatoa kichwa dirishani: "Mzee, mbona mbaya unazileta upande wangu?" Upande wake! Ukuta wangu, misumari yangu, halafu maji ya bati lake ndiyo yanayonimwagikia mwaka mzima. Mfereji wa bati ameahidi kuuweka tangu mtoto wake anatambaa. Sasa mtoto anaota ndevu. Na ngazi niliyotaka kupandia kumjibu vizuri, anayo yeye. Aliazima.