Pikipiki Ikisimama, Kipimajoto Chake Kinyamaze

Pikipiki iliyokwama kwenye foleni chini ya jua kali inaweza kuonyesha nyuzijoto 41 kwenye dashibodi, ilhali kipimajoto kilichotundikwa kivulini mahali hapohapo kinasoma 32. Foleni ikifunguka na mwendo ukachanganya, tarakimu huanza kuteremka, 39, kisha 36, kisha 34, mpaka itulie karibu na ukweli. Waendeshaji wengi huona hapo kwamba kihisi kimekufa na kinafaa kubadilishwa. Kwa maoni yangu, mara nyingi kihisi ni kizima kabisa, na lawama zinamstahili aliyeamua kwamba tarakimu ile ionyeshwe wakati wote, hata pale isipokuwa na maana yoyote.

Kihisi cha joto ni kipande kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri kinavyopata joto, na kompyuta ya pikipiki huusoma ukinzani huo na kuugeuza kuwa nyuzi. Kwa hiyo kinachopimwa ni joto la kihisi chenyewe. Joto hilo hulingana na la hewa pale tu hewa mpya inapokipitia kwa wingi, nacho kikawa hakipigwi jua wala hakijapakana na kitu cha moto. Pikipiki ikisimama, masharti yote hayo huvunjika kwa pamoja: plastiki nyeusi inayokizunguka hunyonya jua, lami iliyo chini, ambayo mchana wa jua kali huweza kufika nyuzijoto 60, hurudisha joto juu, na feni ya rejeta ikianza kuzunguka humwaga hewa ya moto ambayo haina pa kwenda.

Wataalamu wa hali ya hewa hulijua tatizo hili, ndiyo maana vipimajoto vyao hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye mianya, kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, mbali na kuta na lami. Kwenye gari, kihisi angalau hupata nafasi nyuma ya bampa ya mbele au chini ya kioo cha pembeni. Pikipiki haina nafasi ya kumtenga mtu na injini, sembuse kihisi. Tena zipo ambazo huchukua tarakimu hiyo kutoka kwa kihisi cha hewa inayoingia kwenye injini, ambacho kazi yake ni nyingine kabisa. Hewa ya nyuzijoto 40 ni nyepesi kwa takriban asilimia 6 kuliko ya nyuzijoto 20, kwa hiyo mfumo wa mafuta unahitaji kujua joto la hewa ileile inayovutwa, hata kama imechemshwa na injini. Kihisi hicho kinasema kweli kwa injini. Anayedanganyika ni mwendeshaji.

Kwenye joto, udanganyifu huu ni kero tu. Kwenye baridi ni hatari. Dashibodi nyingi huwasha alama ya tahadhari ya barafu joto linaposhuka hadi nyuzijoto 3 au 4, na mwendeshaji aliyetoka kusubiri kwenye taa huweza kuondoka akiwa anasoma 7 wakati hewa iko 2, na uso wa daraja lililo mbele yake umeshuka chini ya sifuri.

Ninachotaka ni kitu rahisi: kasi ikishuka chini ya kiwango fulani kwa muda, tarakimu ifutwe na vibaki vistari, hadi hewa ya kutosha ipite tena. Baadhi ya magari tayari huzuia tarakimu isipande hadi yashike mwendo, jambo ambalo ni afadhali, ingawa tarakimu iliyogandishwa bila alama yoyote bado hujifanya ni ya sasa hivi. Na wale wanaoonyesha sehemu za kumi za nyuzi, kana kwamba kifaa kilichobanwa nyuma ya taa kina usahihi huo, wangeziondoa leo.

Kihisi kibovu kweli hujulikana asubuhi. Pikipiki iliyolala kivulini usiku kucha huwa imelingana na hewa inayoizunguka, kwa hiyo kabla ya kuwasha injini, joto la hewa na joto la maji ya rejeta, kwa dashibodi inayoonyesha yote mawili, yanapaswa kukaribiana sana. Yakipishana kwa nyuzi nyingi, soketi ya kihisi ichunguzwe kwanza. Kutu huongeza ukinzani, na kwa kuwa kompyuta hutafsiri ukinzani mkubwa kuwa ni baridi, tarakimu hushuka kuliko inavyostahili. Waya ukikatika kabisa, dashibodi huweza kudai kwamba hewa imefika nyuzi 40 chini ya sifuri. Soketi hiyo husafishwa kwa dakika chache, na mara nyingi hapo ndipo ununuzi wa kihisi kipya unapoahirishwa.